Mtoto Asiyetumwa

Nimefundisha hesabu katika shule ya msingi miaka kumi na minne, na kwa miaka hiyo yote nimevujisha mtihani mara moja tu. Ulikuwa mtihani wa kusimama kwa mguu mmoja. Mtahiniwa alikuwa binti yangu, wakati huo ana miaka saba na nusu, na msimamizi alikuwa mwanamke mpole aliyevaa soksi za rangi mbili tofauti.

Nianze na binti yangu, maana yeye ndiye mwenye habari. Hakuwa mgonjwa. Alisoma vizuri, alicheka kwa sauti kubwa kuliko umri wake, na kuku wote wa jirani alikuwa amewapa majina. Lakini mikono na miguu yake ilikuwa kama watu wanaoishi nyumba moja bila kusalimiana. Alijikwaa pasipo na jiwe. Kikombe kilimponyoka hata akiwa amekishika kwa mikono miwili. Asubuhi zetu za Kiplombe zina baridi ya kuuma masikio, na kufunga vifungo vya sweta kulimchukua muda mpaka chai yake ikapoa. Hata akimaliza, unakuta kila kifungo kimeingia kwenye tundu la mwenzake na upande mmoja wa sweta umepanda hadi kidevuni.

Watu walimwita mzembe. Nasema watu, lakini nami nilikuwemo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Huja upesi na kuondoka upesi, ila mtoto hajui kama zitaondoka. Mwalimu wake wa gredi ya pili ndiye aliyenivuta kando siku moja akaniambia kwamba huu si uzembe, kwamba mtoto huyu anajitahidi kuliko darasa zima, na kwamba mjini kuna mtu anayewasaidia watoto wa namna hiyo. Nilimshukuru, nikaenda chooni nikalia kidogo, kisha nikarudi kusahihisha vitabu.

Chumba cha mazoezi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hiyo ulipanda ngazi ukisindikizwa na harufu ya dawa ya kupe. Yule mwanamke wa mazoezi alivua viatu mlangoni na kuketi sakafuni na watoto. Siku ya kwanza hakumfundisha binti yangu chochote. Alimpima. Alimpa vifuko vidogo vya maharagwe avirushe kwenye kisanduku. Alimpa ubao wenye matundu apitishe kamba ya kiatu. Alimwambia atembee juu ya mstari, kisigino kikigusa ncha ya kidole, na mwishowe asimame kwa mguu mmoja huku yeye akitazama saa. Kwa mguu wa kushoto binti yangu alisimama sekunde tatu, kisha akaukumbatia ukuta.

Kila kitu kiliandikwa kwa namba. Aliniambia kwamba mtoto atakuja kila Ijumaa acheze na kufanya mazoezi, na baada ya miezi mitatu atapimwa tena.

"Hii si mtihani, Mwalimu," akasema. "Ni rula tu. Napima nijue tuko wapi."

Sasa wewe umwambie mwalimu wa Kenya kwamba kitu chenye namba si mtihani. Miaka ya kupita katikati ya madawati imenifunza kusoma karatasi iliyogeuzwa juu chini, na wakati yule mwanamke akiendelea kuzungumza nami, nilikuwa nimekwisha kusoma karatasi yake yote na kuihifadhi kichwani.

Jumamosi hiyo nilikata pazia kuukuu nikashona vifuko sita na kuvijaza maharagwe ya chakula cha mchana. Nikatafuta boksi la viatu. Nikachora mstari wa chaki kwenye saruji ya baraza. Mume wangu, ambaye ni fundi wa matrekta na huchelewa kushangaa, alirudi na ovaroli yake yenye grisi akatuona tukitembea kisigino kwa kidole.

"Na hii gwaride ni ya nini?" akauliza.

"Samaki mkunje angali mbichi," nikamjibu. Akaingia ndani akatafuta chakula, akakosa maharagwe.

Basi kila jioni baada ya kazi za shule tulifanya marudio. Nilimfundisha siri ya mguu mmoja: chagua doa moja ukutani, ulikazie macho, uume ulimi. Nilimpa mtihani wa majaribio kila Alhamisi na kumtilia alama kwa kalamu nyekundu. Hakulalamika. Jioni moja tu, akiwa ameshika kifuko cha tano, aliniuliza, "Mama, nikipita tutaacha?" Nikamwambia ndiyo, tutaacha. Ningejua kusikiliza ningesikia hapo.

Miezi mitatu ilipoisha tulipanda zile ngazi nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Binti yangu alifanya vizuri ajabu. Mguu wa kushoto sekunde kumi na tisa. Kamba ilipita kwenye matundu mbio, vifuko vikaanguka kisandukuni kimoja baada ya kingine. Nilikaa pale nimevimba kwa fahari.

Yule mwanamke aliitazama karatasi yake kwa muda. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. Alikichukua kile kisanduku akakisogeza hatua mbili upande wa kushoto, akamwambia binti yangu arushe tena. Binti yangu akarusha pale pale kisanduku kilipokuwa mwanzo. Kifuko kikaanguka kwenye sakafu tupu. Akarusha cha pili, kikaanguka juu ya mwenzake. Wala hakukitazama kisanduku, alinitazama mimi.

"Sawa," yule mwanamke akamwambia. "Vaa sweta sasa, kuna baridi."

Tukakaa sisi wawili tukimwangalia binti yangu akihangaika na kifungo cha kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikuvuka hata kile chumba.

"Mwalimu, hii umemfundisha," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimemsaidia kidogo tu."

"Umefanya rula yangu ikuwe ya mpira. Sasa nikipima, sijui kama napima yeye ama napima wewe."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba jioni zangu zote nimezitoa kwa huyu mtoto, kwamba wazazi wengine hata Ijumaa hawaji, na kwamba sijui anataka nini zaidi. Aliniacha nimalize. Aibu ilianza kunipanda shingoni nikiwa bado naongea, aibu ile ile ninayoiona kwa mtoto niliyemkuta na kikaratasi ndani ya soksi. Nilipokwisha kunyamaza, hakunijibu mimi. Alimgeukia binti yangu.

"Na wewe," akamuuliza, "unataka hizi mikono zako zikufanyie nini?"

Binti yangu aliivuta soksi yake akafikiri. Kisha akasema, "Nataka kutumwa."

Hakuna aliyehitaji kunifafanulia. Mama wa mume wangu anaishi Sugoi, na sisi huenda kwake karibu kila mwisho wa mwezi baada ya kanisa. Wajukuu humwita gogo, yaani nyanya. Kwa gogo watoto hutumwa kutwa nzima: leta maji, peleka chumvi, mwite mjomba wako, fukuza hiyo kuku. Wenye akili hujificha nyuma ya ghala la mahindi mapema. Binti yangu hakuwa na haja ya kujificha. Krismasi iliyopita alikuwa ameanguka na sinia la vikombe sita, na hakuna aliyemgombeza. Walimwokota, wakamfuta, na tangu siku hiyo akawa anaambiwa kwa upendo mkubwa, "Wewe keti tu, mama." Aliketi kwenye sofa na wageni. Kwetu mtoto hatumwi kwa sababu mbili tu, ni mgonjwa au ni mgeni, na yeye alikuwa hajui ni ipi kati ya hizo mbili. Hata nyumbani kwangu, sasa nilipofikiri, sikumbuki kumtuma. Nilikuwa mwepesi wa kuchukua mwenyewe.

"Kutumwa nini?" yule mwanamke akauliza.

"Mursik. Ya wageni."

Hapo nilijua tumepatikana. Mursik ni maziwa ya kibuyu, yaliyogandishwa na kutiwa mkaa mpaka yakawa na rangi ya majivu, na ndiyo heshima ya mgeni nyumbani kwa gogo. Kuyamimina si kazi ya mchezo. Kibuyu ni kirefu na shingo yake ni nyembamba. Unakitikisa, unakiinamisha, hakitoki kitu, unakiinamisha zaidi, hakitoki kitu, kisha bonge linaachia na yote yanakuja pamoja. Na vibuyu vya gogo vina umri mkubwa kuliko mimi.

"Basi tutapima hiyo," yule mwanamke akasema, akageuza karatasi upande usio na maandishi. Akaniambia nisimhesabu mtoto tena. Nijihesabu mimi. Kila asubuhi, tangu mtoto anapoamka hadi anapotoka getini, niandike mkono wangu umekwenda mara ngapi kumsaidia kabla hajaomba. Akiomba, nimsaidie, na hiyo isihesabiwe.

Nilidhani ananidharau. Lakini Jumatatu nilichukua daftari nikahesabu. Kifungo cha kwanza, cha pili, kola. Kijiko nikakigeuza. Kikombe nikakisogeza mbali na ukingo wa meza. Zipu ya mkoba, mkanda wa mkoba, kiatu, kiatu kingine, komeo la mlango. Ilifika kumi na tisa. Siku ya pili nilipojichunga ikafika ishirini na moja, nikaketi kitandani nikacheka peke yangu.

Kuuzuia mkono ni kazi ngumu kuliko kuutumia. Nilijifunza kuukalia. Nilikaa juu ya mikono yangu miwili kwenye kiti cha jikoni huku binti yangu akitafuta tundu la kifungo, na saa ukutani inakwenda, na kengele ya shule ninayoisikia kichwani inalia. Tulichelewa mara kadhaa. Mwalimu wa zamu mwenyewe anachelewa, ilikuwa fedheha. Naye binti yangu alipojua daftari ni la nini, akawa mkali kuliko kiranja. Nikinyoosha mkono tu, anasema bila kuinua macho, "Mama, hiyo ni moja."

Namba zilishuka hadi kumi na moja. Mvua na baridi za Julai zilipokuja na vidole vyake vikafa ganzi, zikapanda tena hadi kumi na sita. Kuna siku nilisahau kuandika, na kuna siku niliandika nikajipunguzia mbili, tabia ikiwa mbaya haiishi mara moja. Oktoba zikawa tano. Asubuhi moja vifungo vilimshinda kabisa, akaja akasimama mbele yangu akasema, "Mama, nisaidie." Nilimfunga vyote saba polepole. Nilikuwa nimetamani sana kufanya hivyo, kuliko nilivyokuwa tayari kukubali, na nikamshika kidevu muda mrefu mpaka akaniambia tutachelewa.

Mama mkwe hakuliamini daftari langu. Yeye alisema mtoto hajifunzi kwa kalamu. Tukienda Sugoi alimpa binti yangu kazi za nje: kuwamiminia kuku maji kwenye sufuria kuukuu, kisha kuhamisha maziwa mabichi kutoka kwenye mkebe hadi kwenye jagi, lakini nyuma ya jikoni, kwa sababu, alisema, nyasi hazilalamiki. Ana paka wa rangi ya manjano. Paka huyo alipata akili upesi. Alijua maziwa huanguka upande gani, na kila binti yangu aliposhika mkebe, paka alikuja kuketi karibu na mguu wake wa kushoto akangoja.

Novemba, wakati wa kuondoka, mama mkwe alinisindikiza hadi getini. Uso wake haukuwa na dalili ya mzaha.

"Paka yangu imekonda," akaniambia.

Niliandika hilo kwenye daftari chini ya namba za wiki. Mwezi huo huo yule mwanamke wa mazoezi alimpima tena kwa karatasi yake, safari hii kisanduku kikiwa mahali pengine na ubao ukiwa mwingine. Mguu wa kushoto ulikuwa sekunde tisa. Namba zote zilipanda kidogo kuliko siku ya kwanza, na zote zilikuwa chini ya zile nilizoiba. "Hizi ni zake," akasema, akafurahi kweli. Nami nilifurahi, ingawa nakiri kwamba moyo wangu wa ualimu ulitazama ile kumi na tisa ya zamani kwa uchungu.

Lakini kumimina kwenye nyasi si kumimina mbele ya wageni, na bado hakuna aliyekuwa amemtuma.

Krismasi ikafika. Sebule ya mama mkwe ilijaa. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, suruali yake ya kijivu imepigwa pasi mpaka mstari wake ungekata mkate. Binti yangu aliketi ukingoni mwa sofa, mahali pake pa mwaka mzima. Mama mkwe akaita kutoka jikoni, "Nani ako hapo nje? Lete kibuyu kwa stoo." Waliokuwa nje walikuwa wamekwisha kuwa nyuma ya ghala. Akaita tena. Kisha akaja mlangoni akijipangusa mikono, akatazama sebule yote, macho yake yakamfikia binti yangu yakasimama. Halafu akanitazama mimi.

Nami, pamoja na daftari langu lote, nikainuka nusu na mkono nimekwisha kuunyoosha. "Nitaleta mimi, Mama," nikasema.

"Mama," binti yangu akasema taratibu, na kila mtu akasikia, "hiyo ni moja."

Nikakaa. Nikaikalia mikono.

"Wewe," mama mkwe akamwambia. Hakumbembeleza, hakumwita mama. "Lete ile kibuyu iko na kifuniko nyekundu."

Akaenda. Nilisikia mlango wa stoo, kisha sikusikia kitu. Sikuogopa kibuyu, Mungu anajua. Vibuyu vipo. Niliogopa kwamba kikivunjika atarudi kwenye lile sofa, na kwamba safari hii ataamini kuwa ni mahali pake. Muda ulipita mrefu. Mzee wa kanisa alikuwa akieleza bei ya mbolea na mimi nikiitikia bila kusikia.

Alirudi amekikumbatia kibuyu kifuani, anatembea huku akiipapasa sakafu kwa mguu kabla ya kuukanyagia. Akakitikisa. Akakifungua. Mzee wa kanisa akatoa kikombe chake. Akakiinamisha, hakikutoka kitu. Akakiinamisha zaidi, hakikutoka kitu. Kisha bonge likaachia, kikombe kikajaa, kikafurika, na maziwa ya rangi ya majivu yakashuka juu ya mkono wa mzee hadi kwenye goti la ile suruali.

Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi chini ya mapaja. Mwaka uliopita angekiachia kila kitu. Safari hii hakunitazama hata kidogo. Alikiweka kibuyu mezani, akahakikisha kimesimama, akaenda jikoni bila kutumwa, akarudi na kitambaa, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Pole, Mzee. Ilikuwa imeziba."

"Hata mimi huwa inanifanyia hivyo," mzee akasema, akijifuta.

Mama mkwe alikuwa bado mlangoni. "Huyu mama yake," akasema, akininyooshea kidole, "siku ya kwanza kuletwa hapa alimwagia mzee yangu mpaka kwa soksi. Na hakuleta kitambaa."

Ni kweli. Nilikuwa bibi harusi kutoka upande wa Kakamega, sijawahi kushika kibuyu cha maziwa maishani, na nilisimama pale nikitazama soksi za baba mkwe kama mtu anayetazama mafuriko. Sebule ilicheka, na nadhani mimi nilicheka kuliko wote, maana ilinibidi nifute macho. Binti yangu alingoja tumalize. Kisha akachukua kibuyu akaendelea na vikombe vilivyobaki.

Baada ya hapo mama mkwe hakunitazama tena kuuliza. Alimtuma chumvi. Alimtuma kijiko kikubwa. Alimtuma amwite mjomba wake kwa zizi la ng'ombe, na baadaye amfukuze kuku aliyepanda barazani. Alimtuma kama anavyowatuma wengine, bila kufikiri, huku akizungumza jambo lingine.

Jua lilipoanza kushuka alikuwa nyuma ya ghala na binamu zake, wanaruka miraba waliyoichora kwenye mchanga. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Ndipo gogo akamwita kwa jina lake kutoka jikoni, sauti ile ya kutuma. Nilikuwa nimeketi barazani na daftari kwenye mapaja. Nilimwona akiinua uso, akishusha mabega, akitoa pumzi ndefu ya mtu aliyeonewa.

"Gogo, si utume mwingine? Mimi nimetumwa mara nne."

Alikosea hesabu. Ni mara tano, nimeandika.